Zamu ya Saa Mbili

Saa mbili asubuhi Irmina hunipigia.
Hasemi hujambo. Husema, "Pazia."
Navuta pazia, namweleza nilichokiona:
theluji, pipa la taka, njiwa mwenye mguu mbovu.
"Dawa." Nameza. Anasikia maji yakishuka kooni.
"Chakula." Hapo mara nyingi nadanganya,
naye anajua,
maana mkate hauna sauti
lakini uongo unayo.

Kisha zamu yangu: nampigia Bogumił,
Bogumił humpigia Zdzisław,
na Zdzisław, asiyependa watu, humpigia Irmina,
duara likafungwa.
Ni wazo la Jagna, muuguzi wa mtaa,
aliyeandika majina yetu nyuma ya risiti ya duka la viatu,
akasema, "Msingoje kupona ndipo mjuliane hali."

Wanne sisi, jumla miaka mia mbili themanini na tisa.
Zdzisław ndiye aliyepiga hesabu, kwa hasira.

Mimi ni wa kupanda na kushuka:
kuna mwaka nilionunua piano mbili,
na mwaka nilioshindwa kununua chumvi.
Bogumił alianza kusikia sauti ujanani,
pale Łódź, kwenye kiwanda cha vitambaa.
Mashine zilizimwa, kiwanda kikauzwa,
sauti hazikupewa barua ya kuachishwa kazi.

Jumatano moja ya Februari hakupokea.
Nikapiga tena. Ikaita hadi ikachoka.

Siku tisa nilikuwa sijavuka kizingiti.
Siku tisa vazi langu lilikuwa blanketi.
Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba;
mimi asubuhi ile nilikuwa na haba moja tu:
kiatu cha kushoto.
Nikakivaa. Nikakaa nacho kitambo,
mguu mmoja safarini, mwingine kitandani,
mpaka ule wa kulia ukaona haya.

Vituo vitatu vya tramu.
Baridi ilinikagua uso kama askari wa mpakani.
Nilihesabu vitufe vya koti la kijana aliyekaa mbele yangu,
sita, na kimoja kilikuwa kinaning'inia,
nikatamani kumwambia,
na kule kutamani kumwambia mtu kitu
kulikuwa kitu kipya.

Bogumił alifungua mlango, kofia kichwani.
"Simu yako iko wapi?"
"Kwenye friji. Ilianza kusema kabla haijalia."
Na kweli, ilikuwa nyuma ya viazisukari vyekundu,
baridi kama samaki.

Sikumwambia hakuna sauti.
Nani amewahi kumbishia mwenzake masikio?
Nikauliza, "Zinasemaje leo?"
"Zinasema hutakuja."
Nikavua koti, nikalitundika.
"Basi zimekosea."

Alinitazama. Akaitazama koti.
Akacheka kwa meno aliyobakiza.

Kwa kuwa friji ilikuwa wazi tukavitoa vile viazisukari,
tukamenya, vidole vikawa vyekundu kama vya wezi wa zabibu.
Dawa yake aliimeza kwa kijiko cha kwanza cha supu,
mwenyewe, bila kuambiwa.
Kabla ya kijiko cha pili mlango ukagongwa kwa kiatu:
Zdzisław, amepanda ngazi kwa ndara za nyumbani,
theluji vidoleni, anafoka,
"Mimi nani ataniamsha? Nimengoja tangu saa mbili na dakika sita!"
Tukamwekea sahani.
Akala akinung'unika, akaongeza.
Tukampigia Irmina, simu ikinuka friji,
akasikiliza vijiko vitatu vikigonga sahani,
hakusema neno,
na Irmina asiposema neno ujue analia.

Sijapona. Alhamisi kitanda kilinivuta kama kawaida.
Lakini saa mbili ikafika.
"Pazia."
Theluji. Pipa. Njiwa yuleyule.
"Dawa."
Nikameza.
"Chakula."
"Supu ya jana. Bogumił alinifungia kwenye kopo."

Kimya.
Anasikiliza kama ni uongo.
Nikaligonga kopo kwa kijiko.